NONDO NA KIMA WA USIKU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeumba usiku na mchana, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake, na wote walioshika njia yao. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, wako watu miongoni mwetu ambao wakisikia mwalimu ataja mdudu au mnyama katika darsa ya dini hucheka na kusema: "Ya wadudu na makima yatufaa nini sisi? Tupeni ya sala na saumu." Wenye kusema hivi wamesahau kuwa Qurani wanayoihitimu kila Ramadhani ina sura iliyoitwa kwa jina la nyuki, na nyingine kwa jina la chungu, na nyingine kwa jina la buibui, na nyingine kwa jina la ndovu. Wamesahau pia kuwa Mwenyezi Mungu ametuarifu katika Suratul Baqara kwamba Yeye haoni haya kupiga mfano hata wa mbu, na katika Suratul An'am ametujulisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi. Basi atazamaye umma hizo kwa kutaka mazingatio hakutoka nje ya dini. Bali ameingia katika mlango mmoja wapo wa dini ambao wengi wetu tumeufunga kwa mikono yetu.

Leo twataka kuwaweka viumbe wawili mbele ya macho ya msomaji. Wote wawili ni wa usiku. Mmoja ni nondo, na wa pili ni kima. Tutatazama kila mmoja alivyopewa, kisha tujiulize sisi tuliopewa akili na Kitabu tumeufanyia nini usiku wetu.

Nondo ni wa namna nyingi mno, lakini hapa twamkusudia mmoja, akaaye Ulaya na sehemu za Asia, ambaye wataalamu humwita Deilephila elpenor. Waingereza wamempa jina la nondo wa ndovu, kwa sababu kiwavi wake ana sehemu ya mbele inayorefuka na kurudi mfano wa mkonga. Akishakuwa mkubwa ana rangi ya waridi iliyochanganyika na kijani ya zeituni, na mbawa zake zikitandazwa, kutoka ncha hata ncha, ni kama sentimita 6 au 7. Chakula chake ni utamu wa maua, naye huufyonza kwa mrija mrefu hali akiwa angali hewani, bila ya kutua.

Mwaka 2002 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Lund katika nchi ya Uswidi, nao ni Almut Kelber, Anna Balkenius na Eric Warrant, walitangaza jambo la ajabu juu ya mdudu huyu. Walimzoeza kupata maji ya sukari katika maua ya bandia yenye rangi moja maalumu. Kisha wakampunguzia mwangaza mpaka ukawa hafifu kama ule wa nyota peke yake, na ile rangi aliyoizoea wakaiweka pamoja na rangi nyingi za kijivu, nyingine nyeupe zaidi na nyingine nyeusi zaidi, ili ijulikane kama yeye aifuata rangi yenyewe au aufuata weupe wake tu. Nondo akaiendea rangi yake. Mwanadamu akiwekwa katika kiza kile haoni rangi hata moja. Kila kitu kwake ni kivuli. Lakini nondo, ambaye sisi humfagia asubuhi barazani pamoja na takataka, aliona.

Sababu yake ni hii. Jicho la nondo ni mkusanyiko wa vijicho vidogo vingi, na mwangaza uingiao kwa vijicho vingi hukusanywa ukapelekwa mahali pamoja ndani, hata kilichokuwa kidogo kikawa cha kutosha. Tena ndani ya jicho hilo mna chembe za aina tatu: aina moja hupokea mwangaza ambao jicho la mwanadamu haliuoni kabisa, ya pili hupokea buluu, na ya tatu hupokea kijani. Kwa kuzilinganisha tatu hizo ndipo azipambanuapo rangi.

Sasa tumtazame mwenzake. Katika bara ya Amerika, kuanzia nchi ya Panama mpaka kaskazini mwa Argentina, wako makima ambao wataalamu huwaita Aotus. Katika makima wote wa dunia, hawa ndio peke yao waliojaaliwa kuwa watu wa usiku. Uzito wa mmoja wao ni kama kilo moja. Masikio yao ni madogo yaliyofichwa na manyoya, na kwa sababu hiyo wakapewa jina hilo, ambalo maana yake kwa Kiyunani ni asiye na masikio. Ama macho yao ni makubwa mno, ya mviringo, mfano wa macho ya bundi. Msomaji asimdhanie kuwa ni komba wetu wa pwani anayelia usiku katika minazi na miembe. Komba ni jamaa wa mbali, si kima. Komba ukimmulika taa, macho yake hung'aa, kwa kuwa nyuma ya jicho lake amewekewa kitu mfano wa kioo kinachorudisha mwangaza. Na kima wa usiku hana kioo hicho.

Mtu akitazama ukubwa wa macho ya kima huyu atasema bila ya kusita kwamba huyu ndiye aonaye zaidi katika kiza. Kweli, mwangaza mwingi waingia katika jicho kubwa, naye huruka kutoka tawi hata tawi usiku bila ya kuanguka. Lakini rangi haoni. Chembe zake za kupokea rangi ni za aina moja tu, na kwa aina moja rangi haipambanuki, kama vile mizani ya kitanga kimoja isivyoweza kupima kitu. Basi yule wa kilo moja mwenye macho ya bundi haoni rangi, na yule mdogo ambaye uzito wake hauhisiwi kiganjani aziona.

Hapa pana funzo la kwanza. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Taha, kwa ulimi wa Nabii Musa (A.S.), kwamba Yeye amekipa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza. Nondo hakudhulumiwa kwa udogo wake, na kima hakudhulumiwa kwa kukosa rangi; kila mmoja amepewa limtoshalo katika maisha yake. Anayedhulumu ni sisi, tunaopima kuona kwa ukubwa wa jicho. Mara ngapi katika mji kama huu wetu amesimama kijana wa nyumba ndogo, asiye na nasaba ya kutajwa wala joho la kumetameta, akauliza kwa adabu: "Jambo hili dalili yake ni ipi?" Akajibiwa: "Wewe ni nani hata uulize?" Hilo silo jibu la ilimu. Jibu la ilimu ni dalili. Kilemba kikubwa ni kama jicho kubwa. Huenda mwenye nacho aona sana, na huenda kuna rangi asiyoiona kabisa. Wala hatusemi kuwa wakubwa wavunjiwe heshima, la hasha! Twasema kwamba haki haipimwi kwa umri wala kwa ukoo, na mdogo akija nayo, mkubwa hapungukiwi na kitu kwa kuipokea.

Lakini msomaji asikimbilie kumsifu nondo, kwani khabari yake haijesha. Nondo huyuhuyu aonaye rangi kwa mwangaza wa nyota, ukimwashia taa hupotea. Atazunguka, atapinduka, atajigonga, na ikiwa ni moto, ataungua. Imekuwaje mwenye macho kama hayo akaangamia kwa kitu kinachowaka mbele yake?

Watu wamesema mengi juu ya jambo hili. Washairi wa Kiajemi wamemsifu nondo kuwa ni ashiki, apendaye mwali wa mshumaa mpaka akateketea ndani yake, na baadhi ya watu wetu wameipenda sana khabari hiyo. Lakini Qurani haikumtaja nondo kwa mapenzi. Katika Suratul Qaria imewafananisha watu wa Siku ya Kiyama na nondo waliotawanyika, na huo ni mfano wa bumbuazi na kutojua pa kwenda. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amejifananisha na mtu aliyewasha moto, nondo na wadudu wakawa wanauingia, naye awazuia wala hawazuiliki, hivyo ndivyo yeye atushikavyo viunoni mwetu tusiingie Motoni, nasi twamponyoka.

Mwaka 2024 wataalamu wa Imperial College ya London pamoja na wenzao wa Marekani walitangaza waliyoyaona walipowapiga picha za kasi sana wadudu warukao karibu na taa usiku. Waliona ya kuwa wengi wa wadudu hao hawaiendei taa moja kwa moja kama mtu aendavyo kwa akipendacho. Wao huigeuzia taa mgongo. Sababu ni kwamba tangu kuumbwa kwao, upande wenye mwangaza zaidi usiku ulikuwa ni upande wa mbingu, na mdudu arukaye huelekeza mgongo wake huko ili ajue juu ni wapi na chini ni wapi. Ikiwashwa taa, yeye huidhania kuwa ndiyo mbingu. Taa ikiwa ubavuni kwake, huinamia upande na kuizunguka bila ya kikomo. Ikiwa chini yake, hupinduka akaanguka. Si wadudu wote wafanyao hivyo, kwani baadhi ya aina walizozijaribu, nondo mmoja akiwamo, walipita salama. Lakini wengi wao ndiyo hali yao.

Hatusemi kuwa hadithi ilikuja kutufunza ilimu ya wadudu. Hadithi ilikuja kutuokoa na Moto, na ukweli wake haungojei kushuhudiwa na mtu mwenye kamera. Lakini mwenye kuzingatia ataona kuwa khabari hii yaongeza uzito wa mfano ule. Nondo haangamii kwa upofu. Macho anayo, tena mazuri kuliko yetu. Wala haangamii kwa kuupenda moto. Huangamia kwa sababu amekosa kujua mbingu ni ipi. Amechukua kitu kidogo kilichowashwa na mkono wa mtu, akakiweka mahali pa mbingu iliyowekwa na Mola wake, na tangu hapo kila juhudi yake yamzidishia kupotea. Kadiri apigavyo mbawa ndivyo azungukavyo.

Je, hii siyo hali yetu? Leo hatuna upungufu wa macho. Vijana wetu wamesoma, na wengine wana vyeti vya vyuo vikuu. Simu iliyo mkononi mwa mtoto yaweza kumletea tafsiri ya Qurani na Sahihi Bukhari kwa nukta moja. Lakini simu hiyohiyo ndiyo taa tuliyoigeuzia migongo yetu. Mtu huketi nayo baada ya Isha, akasema atatazama kitu kimoja tu, kisha akazunguka, akazunguka, mpaka saa nane za usiku. Na adhana ya Alfajiri yamkuta amelala kama gogo. Mwingine taa yake ni baraza ya mazungumzo yasiyokwisha, mwingine ni miraa, mwingine ni siasa za kutukanana. Kila mmoja wao ukimuuliza atakwambia kuwa apumzika. Lakini mapumziko yamezunguka kitu gani? Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuongea baada yake, na wanavyuoni wametoa katika hayo mazungumzo ya ilimu, na ya mgeni, na ya mtu na ahali yake. Hayo yaliyotolewa ndiyo sisi tuliyoyaacha, na yaliyochukiwa ndiyo tuliyoyashika!

Na hapo twarudi kwa kima wa usiku, kwani yeye ana la kutufunza ambalo nondo hana.

Katika jimbo la Formosa, kaskazini mwa Argentina, mtaalamu Eduardo Fernandez-Duque na wenzake wamewafuata makima wa aina ya Aotus azarae tangu mwaka 1996, miaka hata miaka. Walioyaona ni haya. Kima huyu hukaa katika nyumba, ikiwa yafaa kuiita nyumba: dume mmoja, jike mmoja, na watoto wao wachache. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mtoto hukaa na mama yake siku chache za mwanzo, kisha ambebaye zaidi ni baba. Mama humpokea anyonyeshe, akishashiba humrejesha kwa baba, na baba humchukua mgongoni katika kiza, juu ya miti mirefu, kila aendako. Na akipata chakula, humgawia. Mwaka 2014 wataalamu hao walitangaza kwamba walipochunguza nasaba za watoto 35 wa jozi 17, hawakumpata hata mmoja ambaye baba yake alikuwa ni mwingine asiyekuwa dume yule wa nyumbani.

Tena kima huyu wa Formosa huenda na mwezi. Usiku wa mwezi mpevu hutembea sana na kutafuta riziki yake. Usiku wa kiza hupunguza mwendo, na kilichompita akakitafuta mchana. Hakupewa jicho la nondo, na hajifanyi analo. Aujua mpaka wa kuona kwake, na pale mpaka huo ufikapo hutulia na walio wake.

Huenda msomaji mmoja akasema: "Mwatupigia mfano wa kima, na kima ni mnyama aliyetukanwa, kwani Mwenyezi Mungu amewageuza waasi wa Bani Israili kuwa makima." Twamjibu kwamba walioadhibiwa ni watu walioivunja amri ya Mola wao, si makima. Na katika Sahihi Muslim mna hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba Mwenyezi Mungu hakuwajaalia kizazi wale waliogeuzwa, na kuwa makima walikuwako kabla ya hapo. Basi kima wa mwituni hana dhambi ya mtu yeyote. Ni umma katika umma za Mwenyezi Mungu, na yeye na wenzake wamsabihi Mola wao, ijapokuwa sisi hatufahamu tasbihi zao.

Mwingine naye atasema: "Je, tuchukue sheria kwa mnyama?" Hapana. Sheria yetu twaichukua katika Qurani na Sunna, wala kima hahalalishi kitu wala haharimishi. Wako wanyama wengine wanaowala watoto wao, na hatusemi kwa ajili yao kuwa jambo hilo ni jema. Twasema hivi tu: kwamba ni aibu kubwa kwa mtu aliyeletewa Mtume, akaletewa Kitabu, akapewa akili ya kupambanua, kushindwa kumbeba mwanawe na kiumbe asiyeletewa lolote katika hayo.

Kwani Sunna yenyewe imesema nini? Mtume (S.A.W.) alimbeba Umama, mtoto wa binti yake Zainab, naye yumo ndani ya sala akiwasalisha watu; akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za ahali yake, na wakti wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Na Al-Aqra bin Habis alipojigamba kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, Mtume (S.A.W.) alimtazama akamjulisha kuwa asiyerehemu naye harehemewi. Hizi ni hadithi sahihi tunazozisoma kila mwaka. Twazisoma vizuri, twazilia, kisha twatoka msikitini twaenda barazani, na mtoto yuko nyumbani amelala bila ya kumwona baba yake tangu Ijumaa.

Ndugu zangu, neno hili tusilipite upesi. Twalalamika kuwa vijana wa mji wameharibika, kwamba wengine wameingia katika madawa ya kulevya na wengine katika wizi, na twailaumu serikali, na skuli, na sinema, na simu. Huenda kila mmoja katika hao ana fungu lake la lawama. Lakini swali la kwanza litaulizwa nyumbani. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumba yake. Mchunga asiyekuwako usiku, mbwamwitu ajapo, atajibu nini? Mama amembeba mtoto tumboni miezi tisa, akamnyonyesha miaka miwili, akampikia, akamwogesha, akamkesha akiwa na homa. Baba akisema kuwa yeye alileta pesa za unga na mafuta na kazi yake imekwisha, basi kima wa Formosa amemtangulia, kwani yeye hugawa chakula na mgongo pia.

Tufanye nini basi? Hatuwaiti watu katika jambo zito. Mwenye nyumba akishasali Isha arejee kwa ahali yake. Aizime ile simu saa moja tu, aiweke mbali. Amuulize mwanawe amesoma nini leo chuoni na skulini, amsikilize aya anazozihifadhi, ijapokuwa ni tatu. Mdogo amchukue begani mpaka usingizi umshike, mama naye apate kupumzika. Kisha alale mapema, ili katika theluthi ya mwisho ya usiku aweze kuamka, japo kwa rakaa mbili, wakti ambao mlango wa Mola uko wazi na mji mzima umenyamaza. Hapo ndipo atakapojua mbingu iko upande gani. Taa za watu zitakuwa zimezimwa, na ile iliyobaki ni ile ambayo hakuiwasha mtu.

Mwenyezi Mungu ameujaalia usiku kuwa vazi la kutusitiri na mchana kuwa wakti wa maisha. Nondo na kima kila mmoja ameuvaa usiku wake kama alivyokatiwa. Sisi tumepewa hiari, na kwa hiyo hiari tutahesabiwa.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Usitujaalie kuwa wenye macho wasioiona njia, wala kuwa wenye kuzunguka mwangaza usiokuwa Wako. Utuhifadhie watoto wetu, uwarejeshe baba zao kwao kabla ya Siku ile ambayo watu watakuwa kama nondo waliotawanyika. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.